Nashinda Nyumbani Tu

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba nalea. Wananyamaza kidogo wakisubiri niendelee, na nisipoendelea wanamalizia wenyewe: "Kumbe unashinda nyumbani tu." Basi hii hapa Jumanne moja ya huko kushinda nyumbani. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne, mama yake anaondoka asubuhi na kurudi jioni, na hapo katikati tunabaki mimi na yeye.

Saa 10:50 alfajiri. Kuna kidole kwenye ukope wangu, na kinaufungua taratibu. "Baba, macho," anasema bibie, ameniinamia mpaka pua zetu zinagusana. Nje bado giza. Namwambia ni usiku, tulale. Anatafakari, kisha anahamia jicho la pili. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Sina ubishi nao. Nangoja tu mtu wa kumfikishia mhusika taarifa hizo.

Saa 12:30. Kuoga, nepi, mswaki, kumuaga mama yake kwa kilio kinachokauka mara tu mlango unapofungwa. Hayo ni ya kila siku.

Saa 1:15. Ameomba yai. Nimelichemsha, nimelipoza, nimelimenya mbele ya macho yake. Akalitazama likiwa jeupe kwenye sahani, akayatazama maganda pembeni, kidevu kikaanza kutetemeka.

"Funga!"

Funga nini, mwanangu?

"Yai! Fungaaa!"

Alitaka lirudi ndani ya ganda. Nikampa lingine ambalo halijamenywa. Hataki, anataka lile lile. Basi mimi, mtu mzima mwenye vyeti vyangu kabatini, nikachukua vipande viwili vikubwa vya ganda nikavibandika juu ya yai na kuvishikilia kwa vidole. Akaikagua kazi yangu upande huu na upande huu. Akaridhika. Akasema, "Asante Baba," akashuka kwenye kiti na kwenda zake bila kuonja. Yai nikala mimi. Kesho nitamwekea tena, maana kwa watoto wa rika hili chakula cha jana kinaweza kuwa adui wa leo, na kipya huenda ukakipeleka mezani mara kumi au zaidi kabla hakijakubaliwa. Unachotakiwa ni kukiweka tu na kutogombana naye, kazi nyepesi sana kwa asiyeifanya.

Saa 2 hadi saa 3. Vyombo, nguo, kudeki. Nikae kidogo kwenye kudeki, kwa sababu hapo ndipo wageni wanapotuhukumu. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache. Ndoo ni hatari kwa namna yake: kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akitangulia kichwa hana nguvu ya kujinasua. Kwa hiyo kila ninapotoka chumbani, hata iwe ni kwenda tu kumfungulia mtu mlango, namwaga maji. Nikirudi najaza upya. Sakafu ya chumba kimoja inakula maji ya kutosha vyumba vitatu, na bado haijaisha. Anayeingia jioni anaona sakafu iliyodekiwa nusu. Ndoo haioni.

Saa 3:20. Tulikuwa na miadi ya saa 4 bustanini na rafiki yangu mmoja, naye analea mtoto wa rika hilo hilo. Bustani yenyewe ni pua na mdomo. Nikaanza maandalizi saa tatu na dakika ishirini, na msinicheke.

Viatu vyake ni vile vya mkanda wa kunata, vinavyouzwa kwa sifa kwamba mtoto anavaa mwenyewe. Na kwa sasa hakuna kitu duniani ambacho bibie hakifanyi mwenyewe. Kumwaga maji, mwenyewe. Kufunga mlango vidole vyake vikiwa katikati, mwenyewe. "Mwenyewe!" akasema alipoviona viatu, nami nikakaa chini karibu na mlango, mkoba begani, nikasubiri.

Akachukua cha kulia akakiingiza mguu wa kushoto. Vidole vikapita, kisigino kikagoma. Akasukuma. Ulimi wa kiatu ukajikunja ndani. Akasukuma tena, safari hii akihema kwa puani, mashavu mekundu. Mkono wangu ukasogea kidogo, kidogo sana, hata kiatu sikukigusa.

"HAPANA! Mwenyewe!"

Na kwa sababu nilikuwa nimekigusa kwa nia, kiatu kikavuliwa chote na kazi ikaanza upya. Dakika zinakwenda. Rafiki yangu akatuma ujumbe kuuliza kama tumeshatoka. Mguu ulipoingia hatimaye, ikawa, "Soksi inauma." Soksi haiumi, nikamwambia. Inauma. Nikaomba ruhusa ya kutazama, nikapewa, na kweli mshono ulikuwa umelala vibaya kwenye kidole gumba. Hapo nasema ukweli, huwa wana haki mara nyingi kuliko tunavyokubali. Tatizo ni kwamba wanajua mengi na maneno waliyo nayo ni machache, hivyo mshono uliopinda na nyumba inayoungua vinatangazwa kwa sauti ile ile.

Soksi ikanyooshwa. Viatu vyote viwili vikaingia, vya kulia kushoto na vya kushoto kulia, pua zake zikitazama nje. Akasimama, akapiga makofi, akajipongeza. Sikumwambia kitu. Njiani lazima angetokea mtu wa kuniuliza mbona nimemvalisha mtoto viatu kinyume, na huyo mtu nilikuwa tayari kumstahimili.

Nikashika kitasa. Bibie akatulia ghafla. Akachuchumaa kidogo, macho yakaangalia mbali, uso ukawa wa mtu anayefikiria jambo zito.

Ndiyo. Nepi.

Sasa, ili kubadilisha nepi ni lazima suruali itoke. Suruali yenyewe ni ya miguu myembamba. Kwa hiyo viatu navyo havina budi kutoka. Viatu alivyovaa mwenyewe! Nilimweleza polepole, kwa sauti ya upole kabisa, na kabla sijafika mwisho alikuwa ameshajitupa chini. Mgongo umepinda, visigino vinapiga sakafu, kilio cha aina ile inayoanza bila sauti kwa muda mrefu mpaka unaomba sauti itoke. Nilimbadilisha akiwa hivyo hivyo, mkono mmoja umemshika kiuno na wa pili unafuta. Kazi gani nyingine inayofanyika hivyo, niambieni.

Wapo wanaosema hiyo ni jeuri na dawa yake inajulikana. Mimi naona tunawadai watoto kitu ambacho hawajapewa bado. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia hasira na kumwezesha mtu kusubiri, inaendelea kukomaa mpaka mtu anafika miaka ishirini na kitu. Huyu wangu ana miwili. Kwa hiyo sikumsemesha sana. Nilikaa naye pale sakafuni nikamwambia tu, "Umekasirika. Ulivaa mwenyewe, na Baba amevua." Nikarudia. Sikumpa hotuba, maana katikati ya kilio hakuna hotuba inayoingia, na ukimpigia kelele unaongeza tu kelele.

Kilio kikashuka kikawa kwikwi. Akajikokota hadi mapajani kwangu, akafuta kamasi kwenye shati langu safi, akanipigapiga kifuani kwa kiganja.

"Pole Baba."

Mimi ndiye niliyepewa pole.

Tukavaa viatu upya, mwenyewe, lakini safari hii akaniachia mkanda mmoja nifunge mimi. Tukatoka saa nne na dakika zake nyingi. Hatua ya kwanza nje ya mlango, akanyoosha mikono juu: "Beba." Viatu vikaenda bustanini vikining'inia hewani, vikinipiga mbavu.

Bustanini watoto wakakaa kwenye mchanga wamepeana mgongo, kila mmoja na shimo lake. Rafiki yangu huwa anapata wasiwasi kwamba hawapendani. Wanapendana. Katika umri huu wanacheza kando kwa kando kuliko pamoja, mpaka mmoja ashike kijiti. Hapo pakawa na uhusiano wa karibu sana. Jamaa mmoja aliyekuwa anapita akatushauri tuwape simu watulie. Tukamshukuru. Siwezi kumlaumu, kuna siku hiyo simu imeniokoa nami, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya skrini, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo moja naitunza kwa ajili ya kupika chakula cha jioni. Siichezei asubuhi.

Kisha nikamwona bibie ameokota jiwe, amelilaza chini, amelifunika kwa jani. Analipigapiga. "Lala, jiwe. Funga macho. Hapana kuongea." Sauti ilikuwa yangu mtupu, na ule uchovu wake wote. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini jiwe ndilo peke yake lililolala siku hiyo.

Mchana, sijui ilikuwa saa saba au saa nane, nilifunga pazia nikajilaza kando yake, nikapumua kwa sauti ili anifuate. Akaanza kufanya ukaguzi. Kiatu kimelala? Kimelala. Mlango umelala? Umelala. Mama amelala? Mama yuko kazini. Kwa nini? Nikanyamaza. Kimya kikatawala muda wa kutosha mimi kuanza kupotelea usingizini, halafu karibu na sikio langu: "Kojo."

Hili neno linahitaji maelezo. Tumeanza kumzoesha poti, na yeye amegundua kwamba ukitamka "kojo" mtu mzima anaruka, hata kama alikuwa amekata roho. Huwezi kupuuza, kwa sababu siku utakayopuuza ndiyo siku ya kweli. Tukaenda kwenye poti. Hakuna kitu. Tukarudi kitandani. Kojo. Tukaenda. Tone moja, shangwe, makofi, sote tukashangilia, na usingizi ukazidi kwenda mbali. Kojo. Safari ya mwisho nikambeba kimyakimya, sikuwasha taa, sikushangilia, nikamrudisha. Akanitazama kwa huzuni, kana kwamba nimesahau adabu.

Nikakubali yaishe. Nikamweka na midoli yake, nikaingia jikoni kunawa uso, na niliporudisha taulo nikasikia ukimya. Mwenye mtoto mdogo hakimbii anaposikia kishindo. Anakimbia asiposikia kitu.

Alikuwa mbele ya kioo cha kabati na kopo la krimu ya nepi, ile nyeupe nzito. Alikuwa amejipaka yeye, halafu akampaka yule mtoto wa kwenye kioo, vizuri kabisa, kwa zamu, shavu kwa shavu. Msishughulike na maji kwenye krimu ile, imetengenezwa makusudi iyakatae. Futa kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu mafuta kidogo, halafu ndipo sabuni. Kwenye kioo ilitoka. Nywele zikabaki na mvi hadi jioni.

Kuanzia hapo saa sikuzitazama tena. Mtoto aliyekosa usingizi wa mchana halegei, anachangamka kwa namna ya kutisha, halafu analia kwa sababu kivuli chake kinamfuata. Nilipika na yeye amening'inia mguuni. Ile saa moja ya skrini ikaja na kuondoka. Akala chakula chote bila neno, hata mboga za majani, sijui kwa nini, na sikuuliza.

Mama yake alipoingia alikimbiliwa kwa kelele za furaha. Akambeba, akamnusa kichwani, akasema, "Mbona ananukia krimu?" Kisha akaniuliza tumeshindaje. Nikatazama sakafu nusu, kikapu cha nguo, soksi moja juu ya meza. "Salama," nikasema. Ningeanzia wapi?

Bibie akaoga, akaomba kitabu kile kile. Nilijaribu kuruka kurasa mbili, akanirudisha kwa kidole. Alilala katikati ya sentensi, mkono wake umeshika sikio langu, nami nikabaki hapo zaidi ya ilivyohitajika, kwa hiari yangu.

Tulipozima taa nilimkumbusha mama yake kwamba alfajiri hii ni zamu yake. Hakujibu. Nikamwambia najua hajalala, maana kupumua kwa sauti namna ile ni mbinu yangu mimi.