Wasiofukuzika

Wazo la kwenda kugawa karatasi za chama cha wafanyakazi getini kwa kiwanda halikuwa letu wastaafu. Lilitoka kwa binti mmoja wa usafi, aliyekuja kwenye kikao chetu sare yake ameikunja ndani ya mfuko asionekane nayo njiani. Alitukuta tunabishana maneno ya kuandika kwenye bango la Mei Mosi. Akatuvumilia kidogo, kisha akasema: "Wazee wangu, sisi tukishika karatasi ya chama mbele ya msimamizi, kesho hatuna kazi. Nyinyi watawafukuza wapi?"

Bango likaishia hapo.

Kiwanda kile nilikitumikia karibu umri wangu wote wa kazi, na kwa miaka mingi nilikuwa mweka hazina wa tawi. Enzi zetu mfagizi, fundi na karani walikuwa waajiriwa wa kampuni moja, na mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, uliwahusu wote. Tulipoanza kustaafu, nafasi zetu hazikujazwa, zikapewa wakala wa ajira. Watu wa wakala wanaingia geti lile lile, wanafanya zamu zile zile, ila kwenye karatasi mwajiri wao ni mwingine na mikataba yao ni ya miezi mitatu mitatu. Mtu wa namna hiyo huna haja ya kumfukuza. Unaacha mkataba uishe, basi. Mkataba namba 98 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unamkinga mfanyakazi asiachishwe kazi wala kudhuriwa kwa sababu ya uanachama, lakini nenda ukathibitishe sababu hiyo wakati hata barua ya kuachishwa huna.

Katibu wetu wa zamani alilipokea wazo kwa mikono miwili, akaanza kuulizia kipaza sauti. Binti akamkatalia. Yeye na wenzake wachache walikuwa wameshaunda kamati yao, na walichotaka kwetu ni miguu na mikono. "Mzee, hotuba hapana. Karatasi tu."

Mtu aliyewahi kusimamisha mitambo kwa hotuba ya dakika tano huwezi kumwambia hivyo akakuelewa mara moja. Akatukumbusha habari za Jack Jones wa Uingereza, aliyeongoza chama kikubwa cha wafanyakazi wa usafirishaji, akastaafu mwaka 1978, kisha akawa sauti ya wastaafu wa nchi ile hadi uzeeni kabisa. Binti alikuwa na jibu. Italia, akasema, wastaafu wana chama chao ndani ya CGIL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, tangu miaka ya 1940, kinaitwa SPI, na ni karibu nusu ya wanachama wote wa shirikisho. "Ni nguvu kubwa, mzee. Lakini kijana akiingia kwenye mkutano akakuta nusu ya watu ni wa pensheni, atajiuliza kama chama hiki ni chake."

Niliona ana haki, na nikasema. Katibu hakunisemesha hadi kikao kinafungwa.

Tulifika alfajiri, zamu ya usiku ikijiandaa kutoka na ya asubuhi ikianza kusogea. Tulisimama upande wa barabara ya umma, nje ya uzio, maana ukikanyaga ndani tu unaitwa mvamizi na habari inageuka. Wawili kati yetu walikuwa na vigoda kwa sababu ya magoti. Karatasi zilikunjwa ndogo za kuenea kiganjani, na fomu ya kujiunga ilikuwa kipande cha chini cha kuchana. Kamati ilituonya tusipokee fomu yoyote pale getini, kwa kuwa kamera ilikuwa inatutazama. Fomu zingerudi kwa njia yao wenyewe. Njia gani, hatukuambiwa. Ilinikera kidogo kufichwa, mimi niliyewahi kushika funguo za kasha la tawi, ila nisichokijua nisingeweza kukiropoka.

Mlinzi akatujia kwa hatua za kikazi. Aliponifikia akaniamkia "shikamoo mama", ndipo akakumbuka alichotumwa. Nikamwonyesha mstari wa uzio na mahali miguu yangu ilipo. Akaupima kwa macho, akarudi kibandani kwake.

Wa kwanza walipita vichwa chini. Tulikuwa tumekatazwa kumbembeleza mtu, kwa hiyo tulinyoosha mkono tu na kusema "za asubuhi". Kisha mama mmoja wa jikoni akachukua bila kututazama, kama anayepokea chenji, na waliomfuata nyuma wakachukua pia.

Meneja alitoka jua likiwa limeshapanda. Hakusema neno. Akainua simu na kuanza kutupiga picha mmoja mmoja. Nadhani alitarajia tutajificha. Katibu wetu, aliyenyimwa kipaza sauti, alivua kofia, akatupanga kwa kimo, wenye vigoda mbele, akamwambia: "Bwana meneja, sogea kidogo, jua liko nyuma yetu." Watu wa zamu waliokuwa wakipita wakaangua kicheko, na mkono wa meneja ukashuka. Picha zenyewe alibaki nazo, orodha nzuri ya watu asioweza kuwaachisha kazi. Katika maisha yake ya chama, sidhani kama katibu yule aliwahi kutoa hotuba iliyofanya kazi kuliko sentensi ile moja.

Lakini jambo lililonibakisha mimi kwenye shughuli hii lilitokea pembeni. Kijana mmoja wa zamu ya usiku alirudi kutoka kituo cha basi, akatoa hati ya mshahara na kuniuliza lile kato la katikati ni la nini. Lilikuwa mchango wake wa pensheni. Nikamwuliza kama amewahi kuomba taarifa yake kwenye mfuko. Hakujua kama inaombwa. Nikamweleza namna ya kuiomba, na kwamba alinganishe mwezi kwa mwezi. Alipoipata, miezi mingi ilikuwa mitupu: pesa ilikatwa, haikufika. Wenzake wakaomba za kwao, wakakuta hivyo hivyo.

Hapo hata wale wastaafu waliokuwa wakituona wazee wasiojua kupumzika walisogea. Mifuko mingi huwalipa wastaafu wa leo kwa michango ya wanaofanya kazi leo. Mchango wa yule kijana ukiishia kwa wakala, uzee wake unapungua, na mfuko unaotulipa sisi unapungua pia. Sikuhitaji kumhubiria mtu habari za mshikamano.

Suala la michango liliwaleta watu kwenye fomu kuliko karatasi zetu zote. Kamati ilipovuka nusu ya wafanyakazi wa wakala, idadi iliyotakiwa ili mwajiri alazimike kukaa mezani, katibu akaomba kiti kwenye timu ya majadiliano. Alinyimwa, safari hii kwa kura. Atakayeishi na mkataba ndiye aujadili, walisema, nami nilipiga makofi pamoja nao. Sisi tulipewa meza ya nyuma na rundo la hati za mishahara, tuhesabu nani anadai miezi mingapi. Ilikuwa kazi ya macho na subira, na wengi wetu macho yenyewe yalishaanza kugoma.

Wakala alikubali kulipa michango ya nyuma kwa awamu. Alilipa ya kwanza, akalipa ya pili, akaanza kupiga chenga. Wenye zamu hawakuweza kwenda kumkalia ofisini saa za kazi. Tulikwenda sisi, tukajaza viti vyote vya mapokezi, katibu akiwa na gazeti lake, na tuliporudi tena kesho yake mhasibu akashuka na risiti ya benki mkononi.