Msumeno wa mkanda wa kupasua magogo, uliotengenezwa kwa vyuma chakavu

Tafuta tairi mbili za akiba za gari dogo, zile nyembamba za sentimita 56 hivi, pamoja na hubu zake (vitovu vinavyozungukia ekseli). Bledi, yaani mkanda wa chuma wenye meno, itazunguka juu ya tairi hizo. Injini ya petroli ya nguvu farasi (hp) 13 huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Ukiweka puli ya sentimita 10 kwenye injini na ya 40 kwenye ekseli, bledi inakimbia kama mita 26 kwa sekunde. Inatosha kabisa.

Injini iendeshe tairi linaloivuta bledi kupita kwenye gogo, si lile la upande wa pili.

Mbao ikitoka na mawimbi, usiilaumu injini: bledi imelegea, ni butu, au meno ya upande mmoja yamepinda kuliko ya mwenzake. Utomvu wa msonobari ukigandia, dondoshea maji ya sabuni. Tairi zote zifunikwe kwa bati zito. Bledi ikikatika haichagui wa kumpiga.