Nilivyoacha kurusha mipira ya kasi kwenye kriketi nikawa spina, mrusha mipira ya taratibu ya kuzungusha, tena nikiwa kapteni

Mgongo wangu uligoma Jumapili moja ya Februari, saa tano asubuhi pale Upanga, na joto la Februari la Dar mnalijua wenyewe. Nilikuwa ova yangu ya tatu, yaani zamu ya kurusha mipira sita, nikakimbia, nikaruka, nikatua na mguu wa kushoto kama kawaida, nikasikia kama mtu kanipigilia msumari juu kidogo ya kiuno. Mpira wenyewe hata sikuuona umeenda wapi. Nilikaa chini kwenye mkeka wa pichi, ile njia ya katikati tunaporushia mpira, na vijana wakaja kunibeba wakidhani ni jua.

Daktari aliniambia kuna mfupa wa mgongo wa chini umepata ufa, na kwa umri wangu wa miaka 32 na kazi yangu ya kusimama dukani Kariakoo kutwa nzima nichague, nipumzike miezi sita halafu niachane kabisa na kurusha kwa kasi, au niendelee na nije kutembelea fimbo nikiwa na miaka 45. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu akasema, "Umemsikia lakini, baba Aisha?" Nikasema nimemsikia.

Sasa tatizo lilikuwa wiki tatu tu kabla ya hapo timu ilikuwa imenipa ukapteni. Timu ni ya mtaani tu, tunachanga wenyewe hela ya mipira na ya kukodi uwanja, lakini kwetu sisi ni kitu kikubwa, na nilikuwa nimepewa kwa sababu ya ile kasi maana kwenye kubati, yaani kupiga mpira kwa bati, nilikuwa wa tisa kuingia na nikipata rani kumi, zile pointi za kukimbia, watu wanashangilia. Yaani ukiitoa kasi hakibaki kitu. Nilifikiria sana kujiuzulu, nikaandika mpaka meseji, nikaifuta.

Kilichonirudisha ni Steve Tikolo, na hapa naomba mnivumilie niseme kidogo kwa sababu vijana wengi wa sasa hawamjui kabisa, wanamjua tu kama yule kocha Mkenya aliyekaa Uganda halafu akaja kufundisha timu yetu ya taifa hapa Tanzania. Mimi nilimjua nikiwa na miaka 12. Baba yangu mdogo alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vitambaa Kisutu, na wakati wa Kombe la Dunia la 2003 mwenye duka alikuwa anaacha TV wazi siku nzima, wateja wenyewe walikuwa wanakuja kuuliza skoo kabla ya kuuliza bei. Tarehe 24 Februari 2003 Kenya wakacheza na Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana. Kenya wakapata rani 210, Sri Lanka ambao walikuwa mabingwa wa dunia 1996 wakaishia 157, Collins Obuya wa Kenya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa rani 24 tu. Kapteni alikuwa Tikolo. Nilikuwa sijui sheria hata nusu lakini niliona weusi wenzangu, majirani zetu, wanaongea Kiswahili uwanjani, wamewafunga Sri Lanka, na mwenye duka Mhindi anawapigia makofi. Kuanzia siku hiyo nikataka kucheza.

Najua kuna watu mpaka leo wanasema Kenya walifika nusu fainali kwa bahati kwa sababu New Zealand waligoma kuja Nairobi wakiogopa usalama na pointi zikatolewa bure. Pointi zile kweli zilitolewa. Lakini Sri Lanka hawakutoa bure, Bangladesh hawakutoa bure, na Zimbabwe kule Bloemfontein walipigwa Kenya wakiwa wamebakiza wiketi saba. Nusu fainali Durban na India, Ganguly wa India akapiga 111 bila kutolewa, India 270, Kenya 179, na kwenye hizo 179 kapteni mwenyewe alipata 56. Mpaka leo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za Test, zile za siku tano za mataifa makubwa ya kriketi, iliyowahi kufika nusu fainali ya kombe lile la ova 50. Hilo mtu asinichezee.

Sasa nikiwa nimelala chali kitandani miezi ile nilianza kutafuta rekodi za Tikolo na video za zamani, na ndio nikaanza kumuelewa vizuri. Huyu bwana alitoka nyumba ya kriketi, kaka zake Tom na David nao walichezea Kenya. Mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja ilikuwa Kombe la Dunia 1996 kule Cuttack dhidi ya India, akapiga 65. Wiki chache baadaye Kandy, Sri Lanka wakawapiga Kenya 398, rekodi ya dunia wakati ule, timu yoyote ingekata tamaa, yeye akaingia akapiga 96. Mwaka 1997 fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia, kule Kuala Lumpur akapiga 147 na bado Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa. Huyo ni mpigaji. Lakini ukiangalia mwisho wa safari yake ana rani zaidi ya 3,400 za mechi za siku moja na wiketi zaidi ya 90. Wiketi zaidi ya 90 za mtu ambaye kazi yake ya kwanza ni kubati! Na nyingi ni kwa mipira ya taratibu ya kuzungusha, hatua chache tu, mkono unapita, mpira unaelea. Halafu alistaafu baada ya Kombe la Dunia 2011 na bado akaja kuitwa tena akiwa na miaka 42, mpaka 2014 yumo uwanjani.

Mimi nikajiuliza, mgongo wangu unakataa nini hasa? Unakataa kuruka na kutua kwa kishindo. Haujakataa vidole.

Nilianza na chungwa. Kitandani, usiku, chungwa mkononi, kidole cha shahada na cha kati vimepanuliwa kuvuka pale ambapo mshono wa mpira ungekuwa, nalirusha juu kidogo na kulizungusha kwa kidole cha shahada, kiganja kinageuka kama unafungua kitasa cha mlango kwenda kulia. Mwezi mzima. Mke wangu alizoea kusikia chungwa likianguka sakafuni saa tano usiku, asubuhi analikamua juisi. Nilipoweza kusimama vizuri nikahamia mpira wenyewe, na hapo ndio nikajua mshono wa mpira wa kriketi si ganda la chungwa, siku ya nne kidole cha shahada kikachanika pembeni ya kiungo cha kwanza, damu, nikafunga plasta, plasta ikawa inateleza, nikaitoa. Baada ya wiki kama sita pakaota sugu na maumivu yakaisha. Hiyo sugu ipo mpaka leo, nikishika kalamu naisikia.

Kitu cha pili kilikuwa mpira utue wapi. Niliomba kipande cha kanga kuukuu nyumbani, ukubwa kama gazeti lililokunjuliwa, nikawa natangulia neti, pale pa mazoezi penye nyavu, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka, natandika kanga kwenye pichi hatua kama nne za mtu mzima mbele ya vijiti vitatu anavyolinda mpigaji, narusha mipira 60 kila siku, nahesabu mingapi imegusa kanga. Siku ya kwanza 7. Nilitaka kulia kwa kweli, maana mtu aliyezoea kukimbia hatua 18 akisimama na kurusha kwa hatua nne anajiona uchi, mpira ama unaanguka karibu na miguu yangu ama unaenda juu ya kichwa cha kipa. Kosa langu nilikuwa nasukuma kwa bega kama zamani. Mzee mmoja pale klabuni, aliyecheza Dar hii tangu ujana wake, alikuwa ananiangalia siku tatu hasemi neno, siku ya nne akaja akasema, "Bwana mdogo, mguu wa mbele ukishatua ugeuke juu ya kidole gumba kama unaponda sigara. Mwili upite wote." Basi. Wiki ile nikafika 20, mwezi uliofuata 35.

Na mkeka unasaidia, wacha niseme ukweli. Kwenye mkeka mpira wa kuzungusha unauma na kuruka kuliko kwenye majani, na mchana upepo wa baharini ukianza, ukirusha kuukabili mpira unaonekana unakuja mrefu halafu unazama ghafla. Zamani nilikuwa nauchukia upepo ule, sasa nikifika uwanjani naangalia bendera kwanza.

Kubati sitaongea sana, nilipanda kutoka namba tisa mpaka sita kwa kukaa tu muda mrefu kwenye neti na kuacha kuipiga mipira isiyonihusu.

Lililonishinda zaidi ni ukapteni. Niliporudi, mechi tatu za kwanza sikujipa hata ova moja. Kila nikitaka kujipa naona kama nawaibia vijana, au naogopa nikipigwa sita mbili, mipira ya kuruka moja kwa moja nje ya mpaka, watasema kapteni kajipendelea, basi nazunguka na mpira mkononi, namuita huyu, namuita yule, ova zinaisha. Mechi ya tatu tukapoteza na nilikuwa sijarusha hata mpira mmoja wakati wapinzani wana mashoto wawili, wapigaji wa mkono wa kushoto, pale katikati, na shoto kwa spina wa aina yangu ndio chakula chenyewe maana mpira unamkimbia. Yule mzee akanifuata kwenye gari. "Kepteni, ule mpira ulikuwa unamfichia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikaa nalo njia nzima mpaka Tabata.

Nilichofanya ni hiki. Nilimuita kipa wetu, kijana wa Temeke, mkimya sana lakini anaona kila kitu kwa sababu yuko nyuma ya vijiti, nikamwambia kuanzia leo wewe ndio unaamua mimi nirushe lini na nitoke lini, mimi napanga wengine wote. Ukigusa kofia mara mbili naingia, ukikunja mikono natoka, na sitabisha. Akasema, "Braza, na nikikosea?" Nikamwambia ukikosea tumekosea wote, lakini mimi peke yangu siwezi kujihukumu nikiwa na mpira mkononi. Hiki sikukiona kwa Tikolo wala kwa mtu yeyote, kilitoka kwenye shida yangu mwenyewe. Nawaza ilikuwaje kwake, kubati, kurusha na kuongoza nchi nzima, na nyuma ya pazia wachezaji wenzake walifikia hadi kugoma kwa ajili ya malipo, na bado akarudi kuwa kapteni Kombe la Dunia 2007. Mimi na timu ya watu kumi na tano tu nilikuwa silali.

Mechi iliyofuata ilikuwa ya ova 20. Tulipata 141, wao wamefika 104, watatu wametolewa na ova 15 zimeisha, yaani wanahitaji 38 kwa mipira 30 na shoto wao bora yupo, ana 47, anapiga kama anafukuza nzi. Nilikuwa nampa mpira kijana wetu wa kasi. Nikamwona kipa anagusa kofia. Mara mbili.

Nikamrudisha kijana mpakani upande ambao shoto anapenda kuvuta, nikauacha wazi makusudi upande wa pili. Mpira wa kwanza rani moja, wa pili moja, wa tatu akanipiga nne kupita katikati ya watu wawili, mzuri kweli. Moyo unapiga, nikamtazama kipa nikitegemea akunje mikono. Hakukunja. Mpira wa nne nikaupunguza mwendo kidogo na kuupandisha juu ya macho yake, niliuona unazama kama vile kule kwenye kanga, shoto akatoka mstarini hatua mbili, akazungusha bati, mpira ukauma mkeka ukamkimbia kwa nje, na nilichosikia ni sauti ya vijiti tu. Kipa hakupiga hata kelele, alikuwa ameshika mpira na vijiti viko chini, anamwangalia ampaya, yaani mwamuzi. Kidole kikapanda, shoto katolewa kwa kuwa nje ya mstari wake.

Tulishinda kwa rani 9. Kijana wa kasi niliyemnyima ile ova alirusha ova ya mwisho na akachukua wiketi mbili, akiwa amepumzika, na akaja kunikumbatia, nilikuwa nimeogopa atakasirika.

Mgongo haujauma tena mwaka wa pili sasa, isipokuwa nikibeba majora ya vitambaa bila kukunja magoti. Asubuhi bado naenda na kanga, na madogo watatu wa pale jirani wamekuja kuomba nao wajaribu, mmoja ni binti wa darasa la sita ana kidole kigumu kuliko changu. Mpira wake wa kwanza uligusa kanga. Jumapili hii tuna mechi uwanja wa Chuo Kikuu, timu yao ina mashoto watatu, kipa keshaniambia nipashe mwili mapema.