Chaguo la -m

Jana mpwa wangu kanipigia kutoka chuoni. "Mjomba, Python mpya nimeweka, mbona nikiiita inakuja ya zamani?" Nikacheka peke yangu. Mawazo yakanirudisha kwenye ile ofisi ya Mwanga, Kigoma, enzi za umeme wa majenereta.

Skripti, yaani faili la amri, ya kuongeza folda kwenye PATH, ile orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu, ilikuwa ya Mzee wa Seva. Folda ikiwa imeshamo, hairudiwi. Ikiwa mpya, inapachikwa mwisho. Hapo mwisho ndipo penye shida. Sheli, programu inayopokea amri unazoandika, hutafuta kuanzia kushoto, na ya kwanza kuonekana ndiyo inayochukuliwa, kwa hiyo Python yetu ya folda ya /opt haikufikiwa kamwe. Ya /usr/bin ilikuwa imeshaitika. Nikataka chaguo la -m, yaani mbele.

Mzee hakupenda. "Ukiweka mbele, kijana, atakayeingiza humo faili liitwalo ls, kama ile amri ya kuorodhesha mafaili, kakushika." Tukabishana wee, mwishowe akakubali kwa sharti: njia ya folda isiyoanza na mkwaju (/) ikataliwe, na tupu pia, kwa sababu folda za PATH hutenganishwa kwa :, na :: sheli inaisoma kuwa folda uliyomo.

Tukiwa kwenye majaribio umeme ukakatika. Ikabaki laptop yake tu. Tulikuwa tumetoka kula ugali na migebuka, na kidole chake kikaacha alama ya mawese kwenye skrini kila kilipofuata njia moja hadi nyingine. Mara ya kwanza -m ikatii, /opt ikakaa mbele kabisa. Tukaongeza folda ya pili kwa -m ileile. Ikaenda mwisho, bila kosa lolote kuandikwa. Terminali mpya, mambo yaleyale: ya kwanza mbele, ya pili mwisho.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati. "OPTIND."

Humo ndimo getopts, amri inayosoma machaguo kama -m, inamotunza namba ya neno litakalofuata kusomwa. Skripti hii tuliiita kwa amri ya source, la sivyo isingeweza kugusa PATH ya sheli yetu, na source haianzishi sheli mpya. Namba hairudi moja yenyewe. Safari ya pili -m inarukwa bila hata kutazamwa. Akaandika OPTIND=1 juu kabisa, betri ikiwa nyekundu.

Baadaye wakaja waliotaka chaguo la kufuta, wengine la kuorodhesha, skripti ikanenepa. Mzee alipostaafu na kurudi Ujiji, siku moja akaniuliza kwa simu kama -m bado inatumika.

"Sana, Mzee. Kila mtu anataka folda yake iwe mbele."

Akaguna.