Kutoa twinaksi kwenye nyumba ya mawe

Bado zipo ofisi za Mji Mkongwe, Zanzibar, zenye AS/400 (kompyuta kuu ya zamani ya IBM) inayochapa kazi, lakini waya zake za twinaksi, zinazoiunganisha na terminali (skrini na kibodi za wafanyakazi), zimeshakakamaa juu ya boriti na viungo vimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Twinaksi hutoka terminali moja kwenda nyengine kama shanga kwenye uzi, hadi saba kwa kila tundu la kontrola (kifaa cha AS/400 kinachoziongoza terminali), anwani 0 mpaka 6. Kiungo kimoja kikilegea, walio mbele yake wote hubaki na skrini tupu.

Ushauri wangu ni mmoja: vuta kebo ya Cat 6, yenye jozi nne za waya, kana kwamba unajenga ethaneti (mtandao wa kawaida wa kompyuta), kisha ipitishie ishara za twinaksi kwa muda. Twinaksi inahitaji jozi moja tu, na hapo ndipo watu wanapobana pesa wakavuta waya wa simu. Siku terminali zikibadilishwa kwa kompyuta, ukuta unatobolewa upya.

Kinachounganisha twinaksi na kebo hiyo ni baluni (si ile ya sikukuu Mnazi Mmoja), kidude chenye plagi ya twinaksi upande mmoja na tundu la RJ45, yaani la plagi ya ethaneti, upande wa pili. Baluni nyingi hutumia pini 4 na 5, yaani jozi ya buluu, lakini soma karatasi yake kabla ya kununua, na zote ziwe za aina moja. Twinaksi ina waya A na waya B. Zikipishana njiani, terminali haipati kitu, hata kama kipimo cha kawaida kinaonyesha waya hazijakatika. Kwa hiyo krimpu (bana plagi) ncha zote mbili kwa mpango wa rangi za waya uitwao T568B, na uipime kebo pini kwa pini kabla ya kuchomeka baluni.

Tuseme terminali ni 12, kila moja wastani wa mita 35 kutoka chumba cha mtambo. Hizo ni mita 420, basi nunua maboksi mawili ya mita 305. Kontrola ya kawaida ina matundu 8, kwa hiyo terminali 12 haziingii moja kwa tundu. Usijaribu kugawa tundu moja kwa kuunganisha waya pamoja: wimbi litarudi nyuma na kuvuruga kila mtu. Chukua habu mbili za twinaksi (visanduku vya kugawa tundu moja kwa terminali kadhaa) zinazotumia umeme, kila moja ina nafasi saba. Baluni ziwe 12 za upande wa terminali, mbili za akiba, na za kuunganisha habu na kontrola ikiwa habu yenyewe ina RJ45 tu.

Sasa kila terminali ni ya mwisho kwenye waya wake, hivyo swichi yake ya kumalizia, inayozuia ishara isirudi nyuma, lazima iwashwe. Wengi husahau hili kwa sababu zamani iliwashwa kwenye ile ya mwisho tu. Ila kama baluni ina kizuizi chake cha kumalizia ndani, usiwashe vyote viwili, ishara inafifia. Na terminali zilizo chini ya tundu moja la kontrola zisigongane anwani.

Kuta ndiyo kazi yenyewe. Jiwe la matumbawe na chokaa hupukutika ukitumia drili ya kugonga, basi zungusha tu, kwa biti ndefu ya milimita 600, na tundu la ukuta wa nje liinamie nje ili mvua ya masika isiingie. Kwa kebo za nje omba ruhusa kwanza: Mji Mkongwe umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000. Bomba la milimita 25 libebe Cat 6 nne, zisizidi. Kebo ikae mbali na waya za umeme na taa za mirija, na isizidi mita 90 hadi tundu la ukutani. Twinaksi ingeenda mbali zaidi, ila ethaneti haitakubali. Acha sentimita 30 za ziada kila ncha, maana chumvi itakudai kukrimpu tena.

Ukiwa sokoni Darajani, kwangua waya kwa kisu kabla hujalipa. Ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huvunjika kwenye plagi na huoza haraka kwa unyevu.

Zamu ya kompyuta ikifika, unatoa baluni, unahamisha ncha ya chumbani kutoka habu kwenda swichi ya ethaneti, na programu ya 5250 (inayoigiza terminali ndani ya kompyuta) inaingia kwenye AS/400 kwa telneti, bandari 23, au 992 ukitaka usimbaji. Andika lebo kila kebo mpaka wakati huo: vifaa vingi vya antena zinazoleta intaneti bila waya husukuma umeme kwenye pini 4, 5, 7 na 8 bila kuuliza, na mtu akikosea tundu baluni au terminali inaweza kuungua. Printa za twinaksi ziache mwisho. Hizo zinahitaji kisanduku chake cha kubadilisha.