Siku Moja Maishani Mwangu: Ijumaa ya Naibu wa Mwalimu Mkuu Mombasa

Saa 11:45 alfajiri

Ninaishi Likoni na kufundisha kisiwani, kwa hiyo siku yangu ya kazi huanzia kivukoni. Wakati huu watu wa miguu huwa wamekwisha kujaa sehemu ya kusubiria, na lango likifunguliwa huteremka mbio wakisukumana kuelekea kwenye feri, ingawa avukaye kwa miguu halipi nauli na feri inayofuata haiko mbali. Miongoni mwao wamo watoto waliovaa sare za shule. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya umma yenye madarasa ya msingi pamoja na Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na jukumu langu kubwa ni nidhamu na malezi ya wanafunzi. Kwa hiyo nikiwatazama watoto hao wakipigwa vikumbo na watu wa umri wa wazazi wao, huona kwamba somo lao la kwanza la maadili wamekwisha kulipata kabla kengele yangu haijalia.

Saa 12:55 asubuhi

Langoni tuna daftari moja la waliochelewa. Mwanafunzi akifika baada ya saa 1:20 huandika jina lake, saa aliyofika na sababu. Mwalimu akichelewa huandika katika daftari hilohilo na ukurasa uleule, hata kama jina lililo juu ya lake ni la mtoto wa Gredi ya 4. Utaratibu huu uliletwa na mwalimu mkuu wetu na haukupokelewa kwa vigelegele. Mwenzetu mmoja wa makamo alisema majilisini kwamba kumwandikisha mtu mzima mbele ya watoto ni kumvunjia heshima, na hoja hiyo siidharau, kwa kuwa hapa pwani heshima ya mkubwa si jambo la kuchezewa. Nilichomjibu ni kwamba mtoto hamdharau mkubwa aliyekubali kufuata kanuni. Humdharau yule anayemfokea kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hulifanya kila wiki.

Leo mwalimu wa sayansi amefika saa 1:26 jasho likimtoka, akaandika: "Msongamano, Kibarani." Nyuma yake alikuwa binti wa Gredi ya 6 ambaye nyumbani kwao si mbali na shule. Alisoma kilichoandikwa, akaishika kalamu kwa muda, kisha akaandika: "Nimechelewa kuamka." Bawabu wetu, ambaye ndiye mtunzaji wa daftari hilo, aliniambia kwamba zamani sababu zote zilikuwa mbili tu, mvua na ugonjwa, hata wakati wa kiangazi.

Saa 1:30 asubuhi

Gwaride huchukua muda mfupi. Tunapandisha bendera, tunaimba wimbo wa taifa, kisha mimi nina dakika mbili. Ukutani nyuma yangu yamepakwa rangi maadili manane yaliyomo katika mtaala wa umilisi: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Ni maneno mazuri na mchoraji aliyachora vizuri, lakini sijapata kumwona mtoto aliyeacha kumcheka mwenzake kwa sababu ya rangi iliyo ukutani. Katika dakika zangu mbili huwa sihubiri. Nataja vilivyookotwa wiki hii na kuwekwa katika sanduku lililo nje ya ofisi: seti ya hisabati, kofia, sweta la mtoto mdogo na noti ya shilingi 50. Walioviokota siwataji. Hilo tulikubaliana baada ya kugundua kwamba tulipokuwa tukiwaita mbele na kuwapigia makofi, baadhi ya watoto walianza kuokota vitu ambavyo havikuwa vimepotea.

Saa 2:00 asubuhi

Kipindi cha PPI, yaani mafundisho ya dini na malezi. Waislamu huenda na maalim wao, Wakristo hubaki na mwalimu wao wa dini. Mwanzoni mwa muhula walimu hawa wawili huketi pamoja na kuchagua mada moja kwa kila juma, na juma hili ni amana. Napita madirishani nikisikiliza: upande mmoja mtu ameweka fedha kwa jirani yake akasafiri, upande wa pili bwana amewaachia watumishi wake talanta. Watakapokutana uwanjani watakuwa wamezungumzia jambo moja, na katika mji ambao ukuta wa msikiti na wa kanisa wakati mwingine hutenganishwa na uchochoro tu, mimi nalihesabu hilo kuwa sehemu ya malezi yenyewe.

Saa 3:10 asubuhi

Nakagua maandalio ya masomo. Kila sehemu ya mtaala wetu, ambao ulianza kutumika nchini kote mwaka 2019, ina nafasi ya umilisi wa kimsingi, maadili na masuala mtambuko. Waliobuni mpango huu waliona mbali, kwa sababu walikataa maadili yawe kipindi kimoja cha Ijumaa na wakayatawanya katika kila somo. Tatizo ni kwamba kitu kilichotawanywa kila mahali ni rahisi kupotea kila mahali. Andalio la kwanza ninalofungua limeandikwa "Maadili: uwajibikaji, umoja, heshima", na la pili vivyo hivyo, na la tatu, tena kwa mpangilio uleule, maana maneno yamenakiliwa kutoka katika mwongozo bila mwalimu kujiuliza yatatokea dakika ya ngapi ya kipindi. Huwarudishia walimu maandalio hayo na swali moja kwa penseli: ni wakati gani katika kipindi hiki mtoto atalazimika kuchagua? Kama vikundi vitano vina kipimajoto kimoja, hapo ndipo haki ya kijamii ilipo. Mwalimu wa Gredi ya 5 alinirudishia jibu zuri kwamba hakuna wakati kama huo katika kipindi chake cha leo, na kwa hiyo ameifuta sehemu hiyo. Nimemtilia sahihi. Afadhali nafasi iliyo wazi kuliko neno lililowekwa kwa ajili ya mkaguzi.

Saa 4:40 asubuhi

Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Mwalimu wetu wa hisabati wa Gredi ya 8 huwapa wanafunzi jaribio la maswali 20, kisha huandika majibu ubaoni na kila mmoja husahihisha karatasi yake mwenyewe. Wengine majilisini huliona jambo hili kuwa uzembe. Yeye huwajibu kwa utafiti wa Hugh Hartshorne na Mark May uliochapishwa Marekani kati ya mwaka 1928 na 1930. Watafiti hao waliwapima watoto zaidi ya 10,000 kwa kuwawekea nafasi za kudanganya katika majaribio ya darasani, katika michezo na katika kazi za nyumbani, bila wao kujua kwamba wanachunguzwa. Walikuta kwamba watoto hawagawanyiki katika mafungu mawili, waaminifu upande huu na wadanganyifu upande ule. Mtoto yuleyule alidanganya mahali pamoja na kukataa mahali pengine, kulingana na hali aliyowekwa na mazoea ya darasa lake. Wala wale waliohudhuria mafunzo ya maadili hawakuonekana kuwazidi sana wenzao. Kwa mwalimu wetu, maana yake ni kwamba uaminifu lazima ufanyiwe mazoezi palepale unapojaribiwa, na mtoto ambaye kila siku husimamiwa kwa macho makali hapati mahali pa kuufanyia.

Leo nimeketi nyuma ya darasa. Walipomaliza kusahihisha, mwalimu alipita kati ya madawati, akasimama kwa kijana mmoja. Karatasi iliandikwa kwa wino wa buluu, lakini katika maswali manne tarakimu za mwisho zilikuwa za wino mweusi, na tarakimu 7 katika jibu mojawapo ilikuwa dhahiri imezaliwa kutokana na 1. Alama 13 zilikuwa zimekuwa 17. Mwalimu hakuinua sauti. Aliandika neno moja pembeni kwa herufi ndogo, "Tuzungumze", akaendelea na dawati linalofuata. Kijana aliifunika karatasi kwa kiganja mpaka kengele ilipolia.

Tulizungumza naye watatu chini ya mwarobaini. Alikubali upesi. Alisema babake ameyajua madaraja ya siku hizi, na kwamba asipoona "kufikia matarajio" nyumbani hakutakuwa na amani. Kazi aliyopewa ni kurudia maswali yale manne mbele ya mwalimu, kueleza alipokwama, na kuandika alama yake halisi katika orodha kwa mkono wake. Hakuna gwaride lililoitishwa kwa ajili yake. Nilimpigia mzazi simu, nikamwomba apite jioni.

Saa 6:20 mchana

Shule hupumzika mapema ili wanaoswali Ijumaa wawahi msikitini. Wanaobaki hula, nami nalinda foleni ya maji. Tangu Gredi ya 7 ilipowekwa katika viwanja vya shule za msingi Januari 2023, watoto wa miaka sita na wale wa miaka 14 wanachangia mifereji na vyoo vilevile. Tulihofia uonevu, na haukukosekana. Tulichofanya ni kumkabidhi kila mwanafunzi wa Gredi ya 9 mdogo mmoja wa Gredi ya 1, amjue kwa jina, amsaidie kufungua chupa ya maji, amfunge kamba za viatu. Jambo hili limewabadilisha wakubwa kuliko wadogo, hasa wavulana ambao tulikuwa tumezoea kuwaita ofisini.

Natoka nje ya lango kununua viazi karai kwa mama ambaye ameuza hapo tangu wanafunzi wa sasa hawajazaliwa. "Mwalimu, wale wawili wa jana wamepatana," ananiambia kabla sijamwuliza. Yeye hujua magomvi kabla yangu, na hujua pia nani anauza muguka, yale majani ya kutafuna yanayolevya, karibu na njia ya wanafunzi. Gavana wa kaunti alipoipiga marufuku muguka Mei 2024 na amri hiyo kusimamishwa mahakamani, mjadala ulikuwa mkubwa kwenye redio, lakini kwa watoto wetu kilichosaidia ni mama huyu kumwambia muuzaji ahame pale kona, naye akahama.

Saa 8:30 mchana

Vilabu. Gredi ya 8 wamo katika mradi wao wa huduma kwa jamii, wakiwasomea barua na maandishi ya hospitali wazee wa mtaa wasioona vizuri. Siwafuati, mwalimu wao anatosha.

Saa 9:40 alasiri

Baba wa yule kijana anafika akitokea Kongowea, anakouza nazi kwa jumla. Tunaamkuana, namkaribisha kiti. Nikimweleza anainamisha kichwa, kisha anasema neno nililolitarajia: "Mwalimu, mimi nakupa ruhusa. Mchape." Anasema yeye mwenyewe alichapwa na akawa mtu. Ninamweleza kwa adabu kwamba ruhusa hiyo hana uwezo wa kunipa. Viboko viliondolewa katika kanuni za shule mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumtesa kimwili au kisaikolojia, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita au vyote viwili. Lakini sheria haikuwa hoja yangu kuu, kwa sababu mzazi anayetajiwa sheria hunyamaza tu, habadiliki. Nilimwonyesha karatasi yenyewe. Nikamwuliza mwanawe alimwogopa nani alipokuwa akiibadilisha ile moja kuwa saba.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Mimi," akasema. Tulikubaliana kwamba wiki mbili zijazo atamwuliza kijana amejifunza nini kabla ya kumwuliza amepata ngapi, na kwamba alama 13 zitabaki 13. Sijui kama ataweza. Nyumba ina mazoea yake, na shule haina ufunguo wa mlango huo. Aliniachia nazi mbili mezani. Kanuni yetu ya zawadi ni ileile kwa wote, kwa hiyo nimemwita katibu azipeleke jikoni na kuziandika katika kitabu cha stoo.

Saa 11:00 jioni

Naandika ajenda ya kikao cha walimu cha Jumatatu. Napendekeza tuiondoe zawadi ya "mwanafunzi mwadilifu wa mwaka" katika sherehe ya kufunga muhula wa tatu. Nimepitia orodha ya walioipata na karibu wote walikuwa wa kwanza darasani wenye sare safi, hali kijana anayemfunga kamba za viatu mtoto wa Gredi ya 1 kila asubuhi hajawahi hata kupendekezwa. Nimeituma kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Maalim ameniunga mkono. Mwalimu wa Gredi ya 3 amepinga, akisema wazazi huja kwa ajili ya zawadi hiyo na mfadhili wa vikombe atauliza. Mwalimu wa hisabati anataka kila darasa lijichagulie mtu wake kwa kura ya siri, wazo ambalo sikubaliani nalo, kwa sababu kura ya watoto wa miaka 14 humfuata anayependwa. Nimeyaandika yote matatu katika ajenda kama yalivyotolewa, nikafunga ofisi.