Siku moja maishani mwangu: kupima pumzi Eldoret

Saa 11:30 alfajiri. Giza bado, na baridi inauma vidole. Mimi ni mtu wa pwani, Mombasa kuzaliwa na kukulia, na huu mwaka wa tano niko huku juu, lakini bado siendi kazini bila sweta mbili. Kikombe cha chai ya maziwa, mandazi mawili, kisha boda. Njiani tunapishana na wakimbiaji walioandamana kama siafu, pumzi zinawatoka kama moshi wa jikoni.

Kazi yangu ni kupima VO2 max, yaani kiasi kikubwa kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika moja mtu akijituma hadi mwisho wa nguvu zake. Mapafu yaivute, moyo uisukume, damu iibebe, misuli iitumie. Palipo na udhaifu katika safari hiyo, namba inashuka. Tunaiandika kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Mtu aliyeketi ametulia hutumia kama 3.5. Wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu hufika 70 na kupita.

Saa 12:30. Nawasha mashine ya kuchambua hewa. Kihisi cha oksijeni kinataka nusu saa kupata joto, na mimi natumia muda huo kusoma barometa: leo milimita 598 za zebaki. Mombasa ingesoma karibu 760. Watu wengi hudhani hewa ya milimani ina asilimia ndogo ya oksijeni. La, asilimia ni ileile 20.93 huku na ufukweni. Kilichopungua ni shinikizo la hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi ya hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano. Wiki zangu za kwanza Eldoret ngazi za ghorofa mbili zilinishinda, nikadhani naumwa.

Sasa kuhakikisha mashine inapima sawasawa. Kwanza bomba kubwa la lita 3, kama la sindano, nalisukuma polepole, halafu haraka, na mashine lazima isome lita 3 kila mara. Kisha mtungi wa gesi yenye oksijeni asilimia 16 na hewa ukaa asilimia 4, mchanganyiko unaofanana na pumzi itokayo kinywani. Hapa sina haraka hata foleni ikinisubiri nje. Mtu akikimbia kwa nguvu, tofauti kati ya oksijeni anayovuta na anayotoa ni kama pointi 4 tu za asilimia. Kihisi kikikosea kwa 0.1, jibu limeharibika kwa sehemu moja kati ya 40. Mkimbiaji wa 70 ataandikiwa 68, na kuna makocha watakaompanga upya kwa ajili ya hizo mbili ambazo hakuzipoteza.

Kila Jumatatu, na leo ni Jumatatu, navaa barakoa mimi mwenyewe na kutembea dakika sita kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Namba zangu nazijua. Zikibadilika bila sababu, mashine ndiyo mgonjwa. Napenda kukumbuka kwamba kazi hii ilianza hivyo hivyo: A. V. Hill, Mwingereza aliyepewa Nobel ya 1922, alikimbia yeye mwenyewe kule Manchester huku amebeba mgongoni mfuko wa kukusanya pumzi zake, na kuona kwamba matumizi ya oksijeni hupanda na kasi hadi mahali fulani, kisha hugoma kupanda.

Saa 2 asubuhi. Wanaingia vijana wawili na kocha wao, wametoka Iten. Wanafanya mazoezi pamoja na wamekubali kupimwa na kuelezwa majibu pamoja. Kocha ananiita Daktari ingawa nimemwambia mara nyingi kuwa mimi si daktari. Vijana wananiita Dada.

Wa kwanza anapanda tredimili, mashine ya kukimbilia papo hapo. Naiinua asilimia 1, maana ndani hakuna upepo wa kukata kama barabarani. Kilomita 18 kwa saa, dakika tano. Dakika ya tatu natazama skrini: 41. Haiwezekani. Hakuna binadamu anayekwenda kasi hiyo kwa oksijeni kidogo namna hiyo. Nazungusha kiganja kando ya barakoa na kukuta hewa inavuja chini ya shavu. Nimempa saizi ya kati, na uso wake ni mwembamba. Kosa ni langu.

"Shuka, ndugu yangu. Tunaanza upya."

Kocha anauliza kama haiwezi kurekebishwa kwa hesabu. Haiwezi. Hewa iliyovuja haikupimwa, na sina namna ya kuikisia. Kijana anapumzika dakika 40, anapewa barakoa ndogo, na safari hii kasi ya 18 inamgharimu 63. Baada ya mapumziko mengine tunaenda kwenye kipimo chenyewe: kasi nailaza palepale, mwinuko naupandisha kila dakika. Dakika ya saba macho yanamtoka. Dakika ya tisa anashika chuma.

Si kila anayeshika chuma amefika mwisho. Naangalia kama oksijeni iliacha kupanda ingawa mwinuko uliendelea kupanda. Naangalia kama hewa ukaa aliyotoa ilizidi oksijeni aliyotumia, uwiano ukapita 1.10. Namwonyesha ubao wa Borg, unaoanzia 6 hadi 20, aseme kazi ilikuwa nzito kiasi gani. Anaweka kidole kwenye 20. Kilele chake ni 70.

Mwenzake, 64.

Sekunde chache chumba kizima kimya. Kijana wa 64 anakitazama kiatu chake. Nimeuona uso huo mara nyingi, na ndio unaonifanya nikatae kutoa majibu kwa ujumbe wa simu. Nawaita wote watatu kwenye skrini. Huyu wa 70, kwa kasi ya 18, anatumia 63: ameshakula asilimia 90 ya uwezo wake. Huyu wa 64, kwa kasi ileile, anatumia 54, asilimia 84 tu. Mwili wake ni bahili. Kwa kila kilomita anatumia mililita 180 za oksijeni kwa kilo ya uzito, mwenzake 210. Kwenye kilomita ya 35 ya marathoni, nani atakuwa na akiba?

Kocha anakuna kidevu. "Kumbe ndiyo maana," anasema, na kuwaambia jambo kwa Kikalenjin. Wote wanacheka, hata yule wa 64.

Si siri mpya. Mtafiti Bengt Saltin na wenzake kutoka Skandinavia walikuja kupima wakimbiaji wa huku, matokeo yakachapishwa 1995: uwezo wa juu wa Wakenya haukupishana sana na wa wakimbiaji bora wa kwao, ila Wakenya walitumia oksijeni kwa uchumi zaidi. Naye Oskar Svendsen, mwendesha baiskeli wa Norwe, alipimwa 97.5 mwaka 2012 akiwa na miaka 18, na miaka miwili baadaye akaacha mashindano. Mambo haya nayarudia kila wiki kwa sababu kila wiki kuna kijana anayetaka kurudi nyumbani kwa ajili ya tarakimu mbili.

Saa 7 mchana. Githeri. Nafua barakoa na kuziloweka kwenye dawa.

Saa 8. Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri tangu asubuhi. Mama wa miaka 52, anauza mitumba sokoni, aliletwa kwetu na barua ya daktari wake kwa sababu alikuwa anahema akipanda kilima cha nyumbani. Shikamoo yangu ya pwani humchekesha kila mara. "Marahaba, mwanangu," anajibu, huku akivua viatu vya sokoni na kuvaa raba alizojichagulia kwenye mzigo wake mwenyewe.

Yeye hakimbii. Tunafuata mpango wa Bruce, daktari wa moyo wa Marekani, wa mwaka 1963, ambao hubadilika kila dakika tatu: kwanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10, kisha 4 kwa mwinuko wa 12, na kuendelea. Muuguzi anasimama kando akitazama mchoro wa moyo. Miezi mitatu iliyopita mama huyu aliishia katikati ya hatua ya pili, namba 21, mara sita ya mtu aliyeketi. Tangu hapo ametembea kilima kilekile siku tano kwa wiki.

Leo anamaliza hatua ya pili. Anainua kidole gumba na kuingia ya tatu, sekunde kumi, ishirini, kisha anapunga mkono basi. 24.5. Mara saba.

Kwa mkimbiaji nyongeza hiyo ya 3.5 ni namba ndogo. Kwa mama huyu ni jambo kubwa. Utafiti wa Marekani wa 2002, uliofuatilia wanaume 6,213, ulikuta kila ngazi moja kama hiyo ikiambatana na nafasi ya kuishi iliyo bora kwa asilimia 12. Walikuwa wanaume watupu, nami hilo linaniudhi hadi leo, kwa hiyo simsomei asilimia hizo. Namuuliza tu habari za kilima.

"Napanda bila kusimama, na mfuko kichwani," anasema.

Saa 10 jioni. Shule ya jirani, uwanja wa nyasi. Mwalimu wa michezo anataka kuwapima wanafunzi na hana mashine. Nimemletea kipimo cha Cooper cha mwaka 1968: dakika 12, kimbia uwezavyo, hesabu mita. Kuna kanuni ya kugeuza mita kuwa VO2 max, lakini ilitoka kwa wanajeshi wa anga wa Marekani, watu wazima, na mimi siitumii kwa msichana wa miaka 14. Namwambia aandike mita tu, arudie mwisho wa muhula, amlinganishe kila mtoto na yeye mwenyewe. Msichana mmoja aliyekimbia pekupeku amefika mita 2,650 na anauliza kama anaweza kurudia sasa hivi.

Saa 12:30 jioni. Nimerudi kufunga maabara. Simu inalia: ni kocha wa asubuhi. Mwenye kambi anazitaka zile namba mbili, 70 na 64, apange nani aende mbio za Nairobi. Namwambia sizitumi peke yake, nitaandika ukurasa mzima wenye matumizi ya kila kilomita, aje auchukue saa moja asubuhi. Ananyamaza kidogo. "Sawa, Daktari. Nitakuja naye."

Nafunga koki ya mtungi. Gesi iliyobaki ni ya siku nne, na mtungi mwingine unatoka Nairobi Alhamisi.